Maswali mengi kwa ajili ya mbwa mmoja

Juma hili sitaandika juu ya minervali wala juu ya daftari za watoto. Nitaandika juu ya mbwa. Ninajua wengine watasema, "Mwalimu amekosa la kuandika." Nisomeni hadi mwisho, kisha tutazungumza kwenye mkutano.

Siku ya posho moja jioni tulikuwa tumekaa nje na mama yangu, tunachambua ndagala, simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu anayeishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, kule Marekani. Wengi wenu mnajua safari ya watu kama yeye, kwa sababu hapa Uvira karibu kila familia ina mmoja. Alivuka ziwa akiwa bado msichana, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, akaolewa huko, akazaa huko, kisha wakapewa nafasi ya kwenda Marekani. Sasa ana mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka minne.

Baada ya salamu akasema, "Mama, tunataka kuchukua mbwa."

Mama akauliza, "Mbwa wa kulinda nyumba?"

"Hapana, mama. Wa kukaa na sisi ndani."

Mama alinirudishia simu bila kusema neno. Kwetu mbwa anakaa nje, anakula makombo, na akiingia ndani anafukuzwa kwa ufagio. Lakini mdogo wangu alituma picha, nami nikamwonyesha mama. Akavaa miwani yake, akaangalia kwa muda mrefu. Mbwa mdogo, rangi ya kahawia nyekundu, miguu na kifua vyeupe, masikio yamesimama, paji la uso lina mikunjo kama la mzee anayefikiri, na mkia umejikunja juu ya mgongo kama kata ya kubebea mtungi.

"Huyu ninamfahamu," mama akasema. "Babu yenu alikuwa naye. Ni mbwa wa wawindaji. Wazungu wamemtoa wapi?"

Mbwa wa kwetu mwenye jina la matusi

Mbwa huyo anaitwa basenji. Ni mdogo: akisimama, bega lake liko kwenye sentimita 40 au zaidi kidogo, na uzito wake ni kilo 10 hivi. Asili yake ni misitu ya Kongo. Jina lenyewe limetoka kwetu. Kwa Kilingala ni basenji, kwa Kiswahili tunasema washenzi. Wageni waliofika zamani waliwasikia watu wakiwaita hivyo mbwa wa watu wa porini, wakaandika jina hilo kwenye vitabu vyao. Sisi tukimwita mtu mshenzi, tunamtukana. Kule ng'ambo jina hilo limeandikwa kwenye vyeti vya mbwa wa heshima.

Ana mambo yanayomtofautisha na mbwa wengine. Habweki kama wao. Si kwamba ni bubu: analia, anaunguruma, na akifurahi anatoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayejaribu kuimba. Ndiyo sababu wawindaji wa msituni, kama Wambuti wa Ituri, humfunga kengele ya mbao shingoni, ili wajue yuko wapi ndani ya majani. Anajilamba na kujisafisha kama paka, na hana harufu kali. Mbwa jike wa aina nyingine wengi huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka, lakini basenji jike kwa kawaida ni mara moja tu.

Mwaka 1895 wawili walipelekwa Uingereza na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, lakini hawakuishi muda mrefu. Ugonjwa wa mbwa uliokuwa huko uliwaua. Ni katika miaka ya 1930 tu ambapo Mwingereza mmoja, Olivia Burn, alifaulu kuwatoa Kongo na kuwazalisha, na mwaka 1937 akawaonyesha Crufts. Kule Marekani chama cha wapenzi wa basenji kilianzishwa mwaka 1942. Mbwa wa kwanza waliotoka huku walikuwa wachache, kwa hiyo vizazi vilivyofuata vilizaliana ndugu kwa ndugu, na magonjwa ya kurithi yakaongezeka. Ndiyo maana mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi hapa, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, wakachukua wengine vijijini ili kuongeza damu mpya.

Mpwa wangu aliyajua haya kabla yangu. Mwalimu wake aliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja atafute mnyama wa nchi alikotoka. Yeye alikuwa amezoea kusikia jina la Kongo darasani pamoja na maneno vita, njaa na magonjwa. Siku hiyo aliona jina la nchi yake chini ya picha ya mbwa mzuri ambaye watu wanamtafuta. Akarudi nyumbani akisema, "Mama, ninataka huyu. Ametoka kwetu."

Kituo cha kuokoa mbwa ni nini

Mdogo wangu alipoulizia bei ya mtoto wa basenji kwa wafugaji, alishangaa: ni fedha nyingi kuliko kodi ya nyumba yake ya mwezi mmoja. Mama mmoja anayefanya naye kazi akamwambia, "Usinunue. Nenda kwa wale wanaookoa."

Kule Marekani, kwa aina nyingi za mbwa, kuna watu waliojiunga ili kuwapokea wale wa aina hiyo waliokosa nyumba. Wengi wao wanafanya kazi hiyo bila mshahara. Mara nyingi hawana hata jengo. Mbwa anawekwa kwanza kwenye nyumba ya mmoja wao, anakaa hapo majuma au miezi, wanamwangalia tabia yake: anaogopa nini, anapenda watoto au hapendi, anaweza kukaa na paka au hawezi. Anapelekwa kwa daktari wa wanyama, anachanjwa, anafungwa uzazi. Kisha wanamtafutia familia.

Mtu atauliza: mbwa wa bei kubwa namna hiyo anakosaje nyumba? Sababu ni zile zile zinazovunja mambo mengi duniani. Mwenye mbwa amekufa. Mume na mke wameachana. Familia imehamia kwenye nyumba isiyoruhusu wanyama. Mtoto amezaliwa na hakuna tena muda. Na kwa basenji kuna sababu nyingine: watu wanampenda kwa picha, hawaulizi tabia yake. Huyu ni mwindaji. Akiona kitu kinakimbia, anakifuata, hasikii tena unamwita, hata kama kuna barabara ya magari. Anaweza kupanda uzio. Akiachwa peke yake siku nzima, anatafuna viatu, mito na viti. Mnunuzi anachoka, anamtoa. Mbwa huyo wa bei kubwa anakuwa mzigo, na mtu anatafuta pa kuutua.

Fomu iliyomkasirisha mdogo wangu

Basi mdogo wangu akaandika kwenye kituo kimoja. Alifikiri watamshukuru na kumwambia aje achukue mbwa. Wakamtumia fomu ya kurasa nyingi.

Alinisomea kwenye simu usiku, akiwa amekasirika. Nyumba ni yako au unapanga? Kama unapanga, leta barua ya mwenye nyumba. Je, kuna uzio, na urefu wake ni kiasi gani? Nani atakuwa nyumbani mchana, na mbwa atabaki peke yake saa ngapi kwa siku? Atalala wapi? Nani atamtembeza asubuhi, hata mvua ikinyesha? Watoto wana miaka mingapi? Akiugua, nani atalipa? Mkisafiri, nani atabaki naye? Watu wote wa nyumba wamekubali aje? Na swali la mwisho: ni jambo gani linaweza kukufanya umtoe?

"Yaya," akaniambia, "mimi niliwalea watoto kambini chini ya hema. Nilizaa, hakuna aliyeniuliza atalala wapi. Leo ninaulizwa kwa ajili ya imbwa!"

Nilimwelewa. Maswali mengi aliyoulizwa maishani mwake yalitoka kwa watu wenye meza na mihuri, na jibu likiwa baya unarudishwa nyuma kwenye mstari. Lakini mimi ni mwalimu, na fomu ile ilinivutia. Niliona kwamba haikuuliza swali hata moja juu ya uzuri wa mbwa. Haikuuliza anataka rangi gani. Ilitaka kujua jambo moja tu: siku ya kawaida ya mbwa ndani ya nyumba ile itakuwaje. Nikamwambia, "Jaza. Sema ukweli tu."

Akajaza. Baada ya siku chache mama mmoja wa kituo akampigia. Alikuwa na sauti ya upole. Wakafika kwenye saa za mchana. Mdogo wangu akaeleza: shemeji anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, anatoka asubuhi na mapema. Yeye anasafisha vyumba hotelini hadi jioni, kisha anapitia kumchukua msichana. Wanafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Lakini mbwa hatakuwa peke yake muda wote huo, kwa sababu mvulana anarudi kutoka shule saa tisa.

Yule mama akauliza, "Na mvulana, anakaa na nani?"

Mdogo wangu aliniambia kwamba alinyamaza. Hakuwa na jibu. Kila siku, kwa saa tatu na nusu, mtoto wake alikuwa anafunga mlango kwa ndani, anapasha chakula, anakaa na simu hadi giza. Hakuna aliyeona vibaya, kwa sababu hakulia na hakuvunja kitu. Alikuwa ameomba mbwa, nao walifikiri anaomba mchezo.

Usiku ule walizungumza, yeye na mume wake. Shemeji aliomba zamu nyingine. Sasa siku tatu kwa juma baba yupo nyumbani mtoto anaporudi, na siku mbili zilizobaki mvulana anakwenda kwa jirani, mama wa Kikongo pia, aliyetoka Baraka. Hayo yote yalifanyika kabla mbwa hajafika.

Walimkosa yule waliyemchagua

Mvulana alikuwa amechagua kwenye picha dume wa mwaka mmoja, mwenye nguvu, mwenye macho ya kucheka. Kituo kilikataa. Uzio wao ulikuwa mfupi, dume yule alikuwa amezoea kuruka, na msichana wa miaka minne angeangushwa kila siku. Mtoto alilia. Mdogo wangu akasema basi, yaishe.

Lakini yule mama akawaambia: tunaye mwingine, jike wa miaka minane. Bibi aliyemlea amefariki, na watoto wa bibi hawakuweza kumchukua. Ni mtulivu, amezoea wajukuu. Watu hawamwombi kwa sababu wanataka wadogo. Basenji anaweza kuishi miaka 13 na zaidi, kwa hiyo bado ana siku zake.

Mtu wa kituo alikuja kuangalia nyumba. Alitazama mlango, uzio, mahali pa kulala, na aliongea na mvulana peke yake, akimweleza kazi zake. Walilipa dola 300, ambazo kituo kinatumia kwa chanjo na matibabu ya wengine. Wakasaini mkataba. Kuna sharti moja ndani yake ambalo nimeliandika kwenye daftari langu: mkishindwa, siku yoyote, hata baada ya miaka, msimwuze, msimpe mtu, msimwache barabarani. Mrudisheni kwetu, hatutawahukumu.

Siku za mwanzo

Nawaeleza pia mambo hayakuwa matamu. Siku tatu za kwanza mbwa alijificha chini ya meza. Hakula. Alitazama mlango, akimngojea bibi yake. Mdogo wangu alitaka kumvuta atoke, wakamwambia amwache. Watoto walipewa sheria, na ninaziandika hapa kwa sababu zinafaa kwa mbwa yeyote, hata wa kwenye parsele zetu:

Usimguse mbwa anapokula. Usimwamshe akiwa amelala. Usimkumbatie shingoni, yeye anaona unamkaba. Ngoja aje kwako, usimfuate alikojificha. Akiunguruma, usimpige, anakuambia ameogopa, rudi nyuma polepole. Na mtoto mdogo asiachwe kamwe peke yake na mbwa, hata mbwa mwema.

Siku ya nne mvulana alikuwa amekaa sakafuni akisoma kitabu chake cha Kiingereza kwa sauti, taratibu, maana bado kinamsumbua. Mbwa akatoka, akalala karibu na mguu wake. Mtoto hakumgusa. Akaendelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa, akafungua mwingine. Tangu siku hiyo anasoma kila jioni, na msikilizaji wake hasahihishi makosa.

Juma la tatu likaja balaa. Waliporudi kutoka kanisani walikuta mbwa ametafuna kitenge ambacho mama yetu alimtumia mdogo wangu siku ya ubatizo wa mtoto. Kitenge cha mama! Alinipigia akilia, akasema, "Kesho ninamrudisha." Nami sikumlaumu. Alipiga simu kituoni kweli. Yule mama hakumkemea, alimwambia tu, "Ukitaka kumrudisha, nitakuja mwenyewe kumchukua. Lakini kwanza niambie, leo asubuhi mlimtembeza?" Hawakumtembeza, walikuwa wamechelewa ibada. Mbwa wa kuwinda asiyetembea atatafuta kazi nyingine. Walikubaliana wajaribu majuma mawili: nusu saa ya kutembea kila asubuhi, kamba isitoke mkononi, na nguo ziwekwe juu. Mbwa yule bado yuko.

Pia walifundishwa kuangalia mkojo wake. Basenji anaweza kurithi ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi. Figo inaachia sukari na vitu vingine vya maana vinatoka na mkojo; mbwa anakunywa maji kupita kiasi na anakonda. Tangu mwaka 2011 kuna kipimo kinachoonyesha kama mbwa ameurithi. Kituo kilikuwa kimempima, kikawapa karatasi. Hawakuficha kitu.

Na sisi hapa, tufanye nini na mbwa wetu?

Kwenye kartiye yetu hakuna kituo cha namna hiyo, na sisemi tuanzishe. Wengi wetu tunatafuta kwanza bugali na sombe ya watoto. Lakini mbwa tunao, na watoto wanacheza nao.

Kabla ya kumkubali mtoto wa mbwa ambaye jirani anamgawa, jiulize zile zile: atakula nini, atalala wapi, nani atamchunga asizurure. Usimchukue kabla hajafika majuma manane na mama yake. Na jambo la kwanza kabisa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 hivi kila mwaka, hasa Afrika na Asia, na kati ya watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu wote wameupata kwa mbwa.

Mtoto akiumwa na mbwa, au akikwaruzwa, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, ukitazama saa. Usipake pilipili, majivu wala majani. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa jirani mwema. Dalili zinaweza kuchelewa majuma au miezi, na zikianza, karibu hakuna anayepona. Na mfundishe mtoto aseme. Wengi huficha kwa sababu wanaogopa kupigwa kwamba walimchokoza mbwa.

Jambo lililonikosesha usingizi

Sasa nafika mahali nilipotaka kufika. Simfananishi mtoto na mbwa, msinielewe vibaya. Lakini baada ya kusikia fomu ile, nilifikiri juu ya darasa langu.

Mwaka huu nina wanafunzi saba ambao hawakai na wazazi wao. Wametumwa kutoka Fizi, kutoka Moyens Plateaux, kutoka vijiji vya mbali, wakae kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa rafiki wa baba, "ili wasome". Ni desturi yetu nzuri. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo, na bila mama mdogo wangu nisingepata diploma. Lakini mmoja wa hao saba, msichana wa mwaka wa tano, alikuwa anachelewa kila siku na kusinzia. Nilimwadhibu. Nilimpigisha magoti mbele ya wenzake, ninakiri. Ni baada ya simu za mdogo wangu ndipo nilimwita pembeni nikamwuliza maswali ya fomu ile: unalala wapi? Nani yuko nyumbani ukirudi? Unaamka saa ngapi, na kufanya nini?

Alikuwa analala jikoni, juu ya gunia. Anaamka saa kumi kuchota maji, kisha anakaanga maandazi ya kuuza, ndipo anakuja shule. Nilikuwa naye darasani tangu Septemba. Nilimwuliza mwezi wa tatu.

Nilikwenda kwa yule mama anayemlea, pamoja na mama mmoja wa kikundi chetu. Hatukwenda kugombana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, mume hayupo, watoto watano wake mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza. Ndugu yake alimwachia mtoto mlangoni na mfuko wa mihogo, akaondoka na gari la mchana. Na mtoto naye hakujua kama anaruhusiwa kurudi kwao. Tulizungumza. Kazi ya maandazi imepungua, godoro limepatikana, na tumempigia simu baba yake. Sasa binti huyo anafika kengele ikilia, si kila siku, lakini siku nyingi.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Ukitaka kumtuma mtoto kwa ndugu, au ukiletewa mtoto, msiishie kwenye salamu na mihogo. Kaeni chini, pande zote mbili, mtoto akiwepo, muulizane. Na mwisho mwambie mtoto neno lile la mkataba: ukishindwa, siku yoyote, unaweza kurudi, hatutakuhukumu.

Maswali ya kuzungumzia kwenye vikundi

1. Je, kuna mtoto nyumbani mwako anayebaki peke yake mchana? Kwa saa ngapi, na anafanya nini?

2. Mtoto uliyemtuma au uliyempokea, analala wapi? Ni lini mlizungumza naye mara ya mwisho, yeye peke yake?

3. Je, anajua nani wa kumpigia simu mambo yakiharibika?

4. Mbwa wa parsele yako amechanjwa? Kama bado, tuandike majina, tuulizie pamoja kwa daktari wa wanyama, labda kwa wengi bei itapungua.

Leteni majibu kwenye mkutano ujao. Mama yangu anawasalimu. Ameshamsamehe yule mbwa kwa habari ya kitenge, na siku ya Mungu simu ikiita anaomba kwanza asikie sauti yake.